Jibu la Mtaalamu: Pikipiki ya Theluji Ambayo Injini Yake Haipati Moto

*Swali: Nina pikipiki ya motokrosi ya mipigo minne, cc 450, yenye injekta, ambayo nimeifungia mkanda wa mpira nyuma na skii moja mbele ili niiendeshe kwenye theluji. Siku ninazoendesha, baridi huwa kati ya nyuzi 15 na 25 chini ya sifuri. Geji niliyofunga kwenye mpira wa maji unaotoka silinda hedi inasoma nyuzi 40 hadi 50 hata baada ya saa nzima ya mwendo, na nikiteremka mlima hushuka zaidi. Injini inakohoa ninapofungua mafuta ghafla, na kwenye kidirisha cha oili nimeona utando wenye rangi ya maziwa. Nilibandika tepu kwenye rejeta zote mbili; joto likapanda, lakini nilipopanda polepole kati ya miti maji yalichemka yakamwagika. Rafiki mmoja anasema niiache, kwani injini baridi ina nguvu zaidi. Mwingine anasema nitie kulanti (dawa ya kuzuia maji ya rejeta yasigande) tupu bila maji. Wa tatu anasema niiwashe na kuiacha nusu saa kabla ya kuondoka. Nimsikilize nani?*

Usimfuate hata mmoja, ingawa kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli. Nimefurahi kwamba ulifunga geji kabla ya kuuliza, na kwamba uliifunga upande wa injini. Wengi huja na malalamiko ya injini isiyo na nguvu bila kuwa na namba hata moja mkononi. Namba zako zinaeleza karibu kila kitu.

Tuanze na jambo ambalo huenda likakushangaza: injini yako haina upungufu wa joto. Katika injini yoyote ya petroli, sehemu ya nishati inayogeuka kuwa mwendo ni ndogo kuliko ile inayopotea kama joto kupitia ekzosi, rejeta na mwili wa injini wenyewe. Joto lipo tele. Tatizo ni kwamba mfumo wa kupoza wa pikipiki ya motokrosi ulibuniwa kwa ajili ya mashindano ya nchi kavu, mara nyingi wakati wa jua, ambako kazi yake ni moja tu, kutupa joto nje kwa kasi iwezekanavyo, na hakuna kitu ndani yake kinachouambia usimame. Pikipiki nyingi za aina hiyo hazina themostati kabisa, yaani ule mlango unaojifunga maji yakiwa baridi na kujifungua yakipata moto. Injini ikiwaka tu, pampu inasukuma maji yote kwenye rejeta, yawe yamepata moto au hayajapata. Kwa hiyo unachotafuta si kuipasha injini, bali kuipa uwezo wa kubaki kwenye joto lile lile, iwe inapanda polepole porini au inateremka kwa kasi kwenye uwanda wazi. Tepu yako ilishindwa kwa sababu hiyo hasa: ilibadilisha kiasi cha joto kinachotupwa, lakini haikuweza kukirekebisha hali ilipobadilika.

Rejeta hutoa joto kwa kadiri ya tofauti iliyopo kati ya maji yaliyo ndani yake na hewa inayopita. Maji yakiwa nyuzi 85 na hewa nyuzi 30, tofauti ni nyuzi 55. Hewa ikishuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, tofauti inakuwa nyuzi 105, yaani rejeta ile ile inapata uwezo unaokaribia kuwa maradufu, bila wewe kugusa chochote. Juu ya hilo kuna theluji yenyewe. Skii na mkanda huirusha, nayo inapiga silinda, kava za klachi na magneto, na rejeta. Kuyeyusha kilo moja ya theluji kunakula takriban kilojuli 334, kiasi cha joto kinachotosha kupandisha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80. Na kile kinachoyeyuka kikigeuka mvuke juu ya chuma cha moto, kinachukua joto zaidi ya mara sita ya hapo. Ndiyo maana waendeshaji wengi hushangaa kuona geji ikishuka wanapoingia kwenye theluji laini ya kina kirefu, mahali ambapo injini inafanya kazi ngumu kuliko kwingine kokote. Inafanya kazi ngumu, lakini inaogeshwa barafu.

Sasa, kwa nini nyuzi 45 ziwe jambo la kuhangaikia? Injini nyingi za namna hii hufanya kazi vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 70 na 90 au zaidi kidogo. Chini ya hapo mambo matatu hutokea kwa pamoja, na yote matatu yamo katika swali lako.

La kwanza ni petroli. Kompyuta ya injini inasoma sensa ya joto la maji, na ikiona nyuzi 45 inaamini kwamba injini bado imewashwa sasa hivi, hivyo inaendelea kuongeza petroli kama ambavyo mtu angevuta choki asiirudishe. Petroli hiyo ya ziada haigeuki mvuke vizuri ndani ya silinda baridi. Sehemu yake inabaki matone, inaosha utando wa oili kwenye kuta za silinda, inapita kando ya ringi (pete za pistoni) na kushuka kwenye oili. Kukohoa unakokusikia unapofungua mafuta ghafla kunatokana na mchanganyiko huo usiochomeka sawasawa.

La pili ni maji, na hapa watu wengi huanza kuogopa gasketi ya silinda hedi bila sababu. Petroli inapoungua hutoa maji: lita moja ya petroli huzalisha takriban lita moja ya maji katika umbo la mvuke. Karibu yote hutoka kwa njia ya ekzosi, lakini kiasi kidogo huvuja kupita ringi pamoja na gesi nyingine. Katika injini yenye joto la kutosha, mvuke huo hupita juu ya oili na kutoka kwenye bomba la kupumulia. Katika injini baridi, unagusa kava lililo baridi, unakuwa matone, unachanganyika na oili, na matokeo yake ni ule utando wa rangi ya maziwa. Kumbuka pia kwamba oili huchelewa kupata moto kuliko maji ya rejeta, kwa hiyo geji yako ikisoma 45, usitarajie oili kuwa na joto la kufukuza mvuke wala petroli. Na pikipiki ya motokrosi hubeba oili kidogo sana, mara nyingi takriban lita moja tu, kwa hiyo uchafu ambao injini ya gari ingeuvumilia kwa wiki kadhaa unaharibu oili yako katika safari chache.

La tatu ndilo linalovunja injini kwa siku moja. Pistoni hupokea moto moja kwa moja na kupanuka haraka, ilhali silinda inayoizunguka inashikiliwa kwenye baridi na maji. Nafasi iliyopo kati yao ni ndogo mno, nayo ilikokotolewa kwa kudhani kwamba vyote viwili vitapata joto pamoja. Ukifungua mafuta yote wakati silinda bado baridi, pistoni hukua ndani ya silinda isiyokua, nafasi inakwisha, na pistoni inakwaruza kuta au inagoma kabisa. Mafundi wakiifungua injini ya namna hiyo huona mikwaruzo sehemu nne kuzunguka pistoni, na mwenye pikipiki hulaumu oili. Oili iliyokwisha kuoshwa na petroli haisaidii, ni kweli, lakini chanzo ni baridi.

Sasa rafiki zako. Yule anayesema injini baridi ina nguvu zaidi amechanganya hewa na injini. Hewa baridi ndiyo yenye faida: kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri hewa ni nzito kwa takriban asilimia 16 kuliko kwenye nyuzi 20 juu ya sifuri, hivyo silinda inapata oksijeni nyingi zaidi kwa kila pigo. Injini ya injekta hulisahihisha hilo yenyewe kwa kiasi kikubwa. Injini ya kabureta huhitaji jeti kubwa zaidi, la sivyo inakuwa na petroli haba na kuungua pistoni, jambo ambalo wewe huna haja ya kulifikiria. Ila chuma cha injini, oili na kuta za silinda havifaidiki chochote na baridi. Unataka hewa baridi iingie katika injini yenye moto.

Yule wa kulanti tupu anakupeleka pabaya zaidi. Glikoli ya ethilini, kiungo kikuu cha kulanti, isipochanganywa na maji huganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri, mapema kuliko baridi yako ya kawaida, wakati mchanganyiko wa nusu kwa nusu unafika karibu nyuzi 37 chini ya sifuri kabla ya kuanza kuganda. Isitoshe, glikoli hubeba joto vibaya kuliko maji. Tena kulanti haipashi injini moto kwa namna yoyote. Kazi yake ni kuzuia kuganda, kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Shika nusu kwa nusu, na kama unanunua iliyokwisha kuchanganywa, usiiongezee kitu. Kwa baridi kali kuliko hiyo uliyoitaja, watu hupandisha glikoli hadi asilimia 60, na hapo ndipo mwisho wenye maana.

Huyu wa nusu saa anataka kukusaidia, lakini injini inayowaka bila kuvuta mzigo huzalisha joto kidogo, huku ikichoma mchanganyiko wenye petroli nyingi kuliko wakati mwingine wowote. Unaamini unaipasha, kumbe unaiosha oili kwa petroli dakika 30 mfululizo. Dakika tatu hadi tano zinatosha kwa oili kufika kila mahali, ukishikilia resi juu kidogo ya ile ya kawaida ya kusimama, bila kupiga resi. Baada ya hapo ondoka taratibu, kwa mzigo mdogo, na usifungue mafuta yote mpaka maji yapite nyuzi 60 na oili ipate dakika nyingine kumi hivi za mwendo wa upole.

Dawa halisi ni themostati yenye njia ya mzunguko wa ndani. Ninasisitiza maneno hayo ya mwisho, kwa sababu zinauzwa za aina mbili na tofauti yake ni kubwa. Katika aina nzuri, themostati ikiwa imefunga, maji yanayotoka kwenye silinda hedi hugeuzwa na kurudishwa moja kwa moja kwenye pampu, hivyo yanazunguka ndani ya injini tu bila kupita kwenye rejeta. Injini nzima inapata joto kwa usawa na kwa haraka. Nta iliyo ndani ya themostati inapoyeyuka, mlango unafunguka kidogo kidogo, na maji baridi ya rejeta yanaingizwa kwa kuchanganywa na yale ya moto. Chagua inayoanza kufunguka karibu na nyuzi 70. Ukifunga hii na kuiacha ifanye kazi yake, geji yako itatulia, na utashangaa jinsi kukohoa kunavyopotea bila kugusa injekta.

Aina ya pili ni mlango tu uliowekwa katikati ya mpira wa maji, usio na njia ya kurudia. Unapokuwa umefunga, maji yanasimama ndani ya silinda hedi, pampu inasukuma bila kusogeza kitu, na panazuka sehemu zinazochemka karibu na vali za ekzosi wakati sehemu nyingine bado ni baridi. Kisha mlango unafunguka ghafla, na maji yaliyolala kwenye rejeta katika nyuzi 20 chini ya sifuri yanaingia kwa mkupuo kwenye silinda yenye moto. Silinda inajikunja, pistoni haijajikunja, na tumerudi kwenye ile mikwaruzo. Wengine hutoboa tundu la milimita mbili au tatu kwenye themostati ya aina hiyo ili maji yapite kidogo kidogo, na ni kweli tundu hilo linapunguza madhara. Lakini kama bado hujanunua, usinunue kitu kinachohitaji kutobolewa ili kisikuharibie injini.

Themostati ikishafungwa, mambo mawili hubadilika ambayo maelezo ya boksini hayasemi kwa sauti ya kutosha. Kwanza, maji ya kwenye rejeta sasa yatakuwa yamesimama katika upepo wa baridi kali kwa muda mrefu, huku injini ikiwa nyuzi 75. Zamani yalikuwa yanazunguka muda wote na kupata joto, sasa hayapati. Mchanganyiko uliokuwa dhaifu bila wewe kujua unaweza kugeuka uji wa barafu ndani ya rejeta ukiwa mwendoni, na themostati itakapofunguka hakutakuwa na kitu cha kupita, injini ichemke katikati ya theluji. Pima nguvu ya kulanti yako kwa kipimo maalumu kabla ya kuanza msimu. Pili, hakikisha sensa ya geji inabaki upande wa injini kabla ya themostati, kama ulivyoifunga sasa. Ikihamia upande wa rejeta itakusomea baridi isiyokuwepo, nawe utaanza kuziba rejeta bila sababu.

Ukijaza maji baada ya kazi hiyo, toa hewa yote. Inua sehemu ya mbele ya pikipiki, fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi kabisa, jaza, minya mipira kwa mkono mpaka mapovu yaishe, kisha iwashe mpaka themostati ifunguke na uone kiwango kikishuka, ujaze tena. Usifungue kifuniko hicho injini ikiwa ya moto, hata kama geji inasoma kidogo.

Je, themostati peke yake inatosha? Kwa baridi ya nyuzi 5 au 10 chini ya sifuri, mara nyingi ndiyo. Kwa baridi yako, siyo, kwa sababu themostati inazuia joto lisitoke kwa njia ya maji tu, wakati theluji inaendelea kulipora moja kwa moja kutoka kwenye chuma. Hapo ndipo kava zinapoingia. La kwanza ni sahani ya chini ya injini, pana, inayozuia theluji isirushwe kwenye kasha la oili. Hii ninaipa uzito kuliko kava la rejeta, maana inalinda joto la oili, na oili ndiyo mgonjwa wako. La pili ni mapazia ya pembeni ya kitambaa kinachohami joto, yanayoziba nafasi kati ya tangi na sahani hiyo. Yasiguse ekzosi mahali popote, na yasinyonye mafuta: kitambaa chenye oili au petroli kikilala juu ya bomba la moto kinashika moto, na petroli ikivuja kidogo tu una ajali. La tatu ni kava la rejeta lenye mlango unaoweza kufungwa na kufunguliwa ukiwa na glavu mkononi, pamoja na wavu mwembamba wa kuzuia theluji isijae katikati ya mapezi ya rejeta.

Tepu, basi, ibaki kwenye mfuko wa zana kwa dharura. Hata ikiwa na themostati nyuma yake, tepu iliyofunika rejeta zote mbili inainyima themostati mahali pa kutupia joto siku ile utakayopanda polepole kati ya miti, bila upepo na bila feni, mafuta yakiwa wazi. Hicho ndicho kilichokupata. Ukilazimika kuitumia, funika rejeta moja au nusu ya kila moja, na uitazame geji kila baada ya muda mfupi. Wako wanaoshauri kuiondoa rejeta moja kabisa kwenye mzunguko. Siipendi njia hiyo, kwa kuwa inakuachia nusu ya uwezo wa kupoza siku zote, zikiwemo zile ambazo ungeuhitaji wote.

Sijaona ukitaja bomba la kupumulia la injini, nami nisingependa uondoke bila kulitazama leo. Pistoni kubwa moja inaposhuka na kupanda hubana na kuachia hewa iliyo chini yake, na gesi zinazovuja kwenye ringi huongeza shinikizo. Vyote hivyo hutoka kwenye bomba jembamba ambalo kwa kawaida huning'inia kuelekea ardhini. Katika theluji, mvuke unaotoka humo huganda kwenye mdomo wa bomba, tabaka juu ya tabaka, mpaka linaziba. Shinikizo likikosa njia linasukuma sili za oili nje ya mahali pake, na lita yako moja ya oili inaweza kumwagika juu ya theluji kabla hujanusa chochote. Injini ikiwa baridi, mvuke huwahi kuwa matone ndani ya bomba hilo, kwa hiyo hali yako ya sasa ni ya hatari kuliko ya mtu mwenye injini yenye joto. Lifupishe bomba, lipitishe karibu na joto la injini, liwe na kipenyo kikubwa kama nafasi inaruhusu, na ulichanje mkato mdogo sehemu ya juu iliyofichika, ili mdomo ukiziba gesi ipate mlango wa pili. Kabla ya kila safari, liminye kwa vidole. Ukisikia barafu ikivunjika ndani, lisafishe kwanza. Bomba la kupumulia la tangi la petroli nalo huziba kwa namna hiyo hiyo, ila lenyewe huzima injini tu kwa kuinyima petroli, na ukifungua kifuniko cha tangi inawaka tena.

Kuna barafu nyingine ya kuiangalia, ile ya kwenye mlango wa hewa. Vumbi la theluji likivutwa kupita chujio linayeyuka karibu na injini na kuganda tena kwenye kipepeo cha mlango wa hewa, hasa ukisimama dakika chache kisha ukaondoka. Kipepeo kinaweza kugoma kikiwa wazi. Funga kizuizi cha theluji kwenye boksi la chujio, zungusha mkono wa mafuta mara kadhaa kabla ya kuwasha ili uhakikishe unarudi wenyewe, na uendeshe daima ukiwa umejifunga ile kamba ya mkononi inayozima injini ukianguka.

Kuhusu oili uliyo nayo sasa, usiitumie tena. Imwage injini ikiwa na joto, badilisha na chujio lake, na tazama kilichotoka: kama kiasi ni kikubwa kuliko ulichotia na kinanuka petroli, hiyo ndiyo petroli ya ziada niliyoieleza. Kiwango cha oili kinachopanda chenyewe ni dalili mbaya kuliko kinachoshuka. Tia oili ya kiwango cha 0W au 5W kama kitabu cha pikipiki kinaruhusu. Viwango vya SAE, chama cha wahandisi wa magari, hupima uwezo wa injini kuzungushwa na stata kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri kwa oili ya 10W, nyuzi 30 kwa 5W na nyuzi 35 kwa 0W, hivyo kwa baridi yako 10W iko ukingoni kabisa. Hakikisha ina alama ya JASO MA au MA2 (viwango vya Kijapani vya oili ya pikipiki), kwa sababu klachi yako inaogelea katika oili hiyo hiyo, na oili za magari zenye vilainishi vya ziada huifanya iteleze. Mpaka utakapofunga themostati, badilisha oili katika nusu ya muda ulioandikwa kitabuni.

Kuhusu kuwasha asubuhi nitasema machache. Ukiwa na umeme, pedi ya kupasha joto iliyobandikwa chini ya kasha la oili kwa saa moja au mbili hufanya kazi kubwa kuliko ujanja wowote wa stata. Usitumie moto wa wazi, iwe jiko la gesi au tochi ya mafuta, na usiiwashe pikipiki ndani ya chumba kilichofungwa, kwani gesi yenye sumu ya monoksidi ya kaboni inayotoka kwenye ekzosi hutia usingizi kabla ya kutia hofu. Kama betri yako ni ya lithiamu, washa taa kwa dakika moja kabla ya kubonyeza stata. Betri hizo hupata nguvu zikishaanza kutoa umeme na kujipasha kwa ndani, na watu wengi huzitupa zikiwa nzima.

Yapo mambo ambayo hayawezi kuamuliwa kwa maandishi. Maji yako yalichemka mara moja, na kuchemka mara moja kunaweza kukunja silinda hedi au kudhoofisha gasketi. Kwa hiyo, baada ya kubadilisha oili na kuhakikisha injini inapata nyuzi 70 na zaidi, endesha safari mbili au tatu ukiwa umeweka alama kiwango cha maji na cha oili. Kama utando wa maziwa haurudi na maji hayapungui, ulikuwa mvuke tu. Lakini kama maji yanapungua bila kuonekana yanapovujia, kama mapovu yanatoka mfululizo kwenye rejeta injini ikiwaka, kama moshi mweupe unaendelea injini ikiwa imeshapata moto, au kama kuna matone kwenye kile kitundu kidogo chini ya pampu ya maji, acha kuendesha na umpelekee fundi aipime mfumo wa maji kwa shinikizo na silinda kwa kipimo cha uvujaji. Kitundu cha pampu kikidondosha maji, sili ya maji imekwisha. Kikidondosha oili, ni sili ya upande wa pili, na zote mbili hubadilishwa pamoja. Mwombe pia apime nafasi za vali, hasa kama pikipiki imeanza kuwa ngumu kuwaka ikiwa baridi, maana vali iliyokaa kwa kubana hujificha nyuma ya kisingizio cha baridi kwa msimu mzima. Mpelekee na namba za geji yako kama ulivyoniandikia mimi, ukitaja baridi ya siku hiyo na mahali ulipokuwa unapita.